Mlima Uliopandwa kwa Gia

"Mlima uliopandwa kwa gia haushukwi kwa breki." Ndivyo mlivyomsikia mshenga akimwambia bwana harusi jana, nanyi mkacheka, mkidhani mzee wa watu anafundisha udereva kwenye meza ya pilau. Leo mnaniuliza neno hilo limetoka wapi. Haya, kaeni, na wewe Namsifu weka simu chini. Methali hii haikushuka na mvua. Ina mwenyewe, na mwenyewe alikuwa kaka yangu Elieza.

Elieza alikuwa na pikapu kuukuu ya kupelekea tangawizi sokoni, kutoka kwetu milimani Upare hadi bondeni. Kupanda mlima alikuwa bingwa. Akitoka bondeni na mzigo wa saruji alitia gia ndogo, akaliacha gari litambae kona baada ya kona huku akilibembeleza: "Twende mama, taratibu, hatuna haraka." Hata mwenye kuku barabarani hakuwa na wasiwasi naye.

Lakini kushuka, ala! Alikuwa mtu mwingine kabisa. Akifika kileleni alitoa gia, gari likateremka lenyewe kwa uzito wake, ati mafuta yasiliwe bure. Mguu ukakaa juu ya breki toka juu mpaka chini. Wapare tunasemwa kwa ubahili, na Elieza alihakikisha hatusingiziwi. Alibana tone la mafuta, akaunguza pedi za breki. Kila fundi alipofungua magurudumu alizikuta zimelika hadi chuma, na Elieza akaja juu: "Umenifungia feki tena!" Ikawa harufu ya kuungua ikipita mtaani, watoto wanasema, "Mjomba Elieza kashuka."

Sasa, na mkewe Nakunda alimpata hivyo hivyo, kwa gia ndogo. Baba yake Nakunda, kule bondeni, alimkatalia posa mara ya kwanza, akakataa na ya pili. Elieza hakununa. Alirudi na mkungu wa ndizi, akarudi kuezeka banda la mbuzi, akakaa kumsikiliza mama mtu akisimulia maumivu ya mgongo mpaka chai ikapoa. Walipompa binti, kila mtu alisema kijana kastahili.

Basi, akaona amefika kileleni, akatoa gia. Msimwelewe vibaya, kaka yangu hakuwa mkatili, wala hakuwahi kumwinulia mkewe mkono. Aliacha tu. Hakuuliza umeamkaje, hakutaka habari za shamba, hakushukuru chakula. Siku zikawa zinajiendea. Kinywa chake kilifunguka pale jambo lilipomuudhi tu: "Acha! Basi! Nimesema hapana!" Nakunda alivumilia weee, hata asubuhi moja akakunja nguo zake, akazitia begini.

"Ukishuka na tangawizi, niache kwetu," alisema.

"Mpaka lini?"

"Sijui."

Elieza alitaka kumwambia asiende, kiburi kikamzuia. Akalitupa begi juu ya magunia. Aliniambia baadaye kwamba moyoni alikuwa analia kama mtoto, ila uso ulikuwa mkavu.

Walifika kileleni. Kwa mazoea akatoa gia, mguu ukaenda kwenye breki. Mawazo yake yote yalikuwa kwenye lile begi, hata harufu hakuisikia. Walipofika pale barabara inapobanwa na korongo, pedali ikazama chini, laini. Akakanyaga tena. Gari likazidi mbio.

"Elieza!"

"Breki hazishiki!"

Akavuta breki ya mkono. Wapi!

"Tia gia!" Nakunda alipiga kelele. "Kama unavyopanda, tia gia!"

Akaingiza ya tatu, injini ikanguruma. Akaingiza ya pili, gari likashtuka, likalalamika, likaanza kutii. Mwendo ulipopungua akaliegemeza kwenye ukingo wa udongo. Likakwaruza ubavu, magunia yakaanguka, likasimama.

Elieza alimgeukia mkewe akamshika uso. "Umeumia? Niambie, umeumia wapi?"

Nakunda machozi yakamtoka, kisha, maskini wifi yangu, akacheka. "Kumbe unajua kuniuliza hali yangu."

Walikaa juu ya magunia wakingoja magurudumu yaache kutoa moshi. Nakunda akasema polepole, "Mume wangu, hakuna anayeupanda mlima huu vizuri kama wewe. Lakini ukifika juu unaona kazi imekwisha. Unaliacha gari lijiendee, na likizidi mbio ndipo unalikandamiza. Kitu gani hakitaungua? Mlima uliopandwa kwa gia haushukwi kwa breki."

Elieza akajua kwamba hasemi gari peke yake.

"Nisamehe," alisema. "Nilidhani nimefika."

"Bado tuko njiani."

Breki zilipopoa wakapakia magunia, wakateremka kwa gia ya pili, injini ikiguna, mguu ukigusa breki konani na kuachia. Waliokuwa nyuma walipiga honi, Elieza akawapisha. Akauliza habari za shamba la maharage, na Nakunda akazieleza ndefu, maana zilikuwa zimelimbikizana.

Mama mkwe aliliona begi kabla hawajashuka garini. "Kuna nini, wanangu?"

Elieza akawahi kujibu. "Mama, nimekuja kumposa tena."

Baba mkwe akaitikia kutoka ndani, "Nimekataa!"

"Basi nitarudi, Baba," akasema Elieza, akavua kofia na kuketi kizingitini. Nakunda alicheka mpaka akashika ubavu. Begi lilirudi mlimani jioni ileile, limejaa ndizi za mama.

Tangu hapo pedi za breki zilidumu, hata fundi akaniuliza kama kaka yangu ameuza gari. Na Elieza akamuuliza mkewe umeamkaje kila asubuhi, hadi asubuhi ile ambayo hakuamka yeye. Nakunda mpaka leo, jua likichomoza, hujibu peke yake, "Nimeamka salama."

Ndiyo maana jana pale mezani Nakunda hakucheka pamoja nanyi. Bwana harusi wenu amembembeleza yule binti miaka, na sasa amempata. Nendeni mkamsimulie kisa hiki, na ninyi zamu yenu ikija mkumbuke: mlima uliopandwa kwa gia haushukwi kwa breki.