Kundi la Mtu Mmoja

Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa Juni, saa tisa alasiri, kijana mmoja alipanda jukwaa lililojengwa kwenye uwanja wa shule. Alipanda peke yake. Tangazo la tamasha lilikuwa limesema litapanda kundi.

Ndugu zangu, tangazo lilikuwa na sababu yake. Kijana huyu alifanya kazi kwenye mashine ya kusaga. Mnazijua kelele za mashine ya kusaga. Mteja anaonyesha kwa mkono kama anataka kukoboa au kusaga, anapokea unga wake, anaondoka. Siku inaisha hujaambiwa neno. Jioni kijana alijikung'uta unga, akarudi kwenye chumba chake cha kupanga na kuanza kazi ya pili, ile aliyoipenda. Alikuwa anachana mistari ya rap. Si wale tunaowasikia redioni. Alikuwa andagraundi, mmoja wa wale ambao nyimbo zao hutembea kutoka simu hadi simu, bila video wala meneja.

Studio yake ilikuwa blanketi. Alijifunika gubigubi na simu yake, ili sauti isigonge bati ikarudi. Koo lilikuwa limekwaruzika kwa kushindana na mashine, kwa hiyo sauti ilitoka nzito na ya chini. Wenzake wa rika lake walichana mbiombio. Yeye alikwenda taratibu, kama mtu anayesimulia habari jikoni huku anamenya viazi. Na kila baada ya mstari aliuliza swali, na swali likajibiwa.

"Nimeamka sina hata mkaa, nani yupo?"

"Tupo."

"Mvua imeanza, paa linavuja, nani yupo?"

"Tupo."

Walioitikia walikuwa wengi. Mmoja alikuwa na sauti nene. Mwingine sauti yake ilipasuka kama ya mvulana anayebalehe. Mmoja alikohoa kidogo kwanza. Mmoja alichelewa kila mara, na watu walimpenda kwa huko kuchelewa. Kundi lilijiita Wana wa Mashine, na kijiwe cha bodaboda kilibishana nani kati yao ndiye kiongozi.

Wote walikuwa yeye. Hakuwa na wa kumwitikia, akawa anajiitikia, sauti moja baada ya nyingine, chini ya blanketi lile lile.

Hebu iwazeni kazi hiyo. Kuuliza "nani yupo", kisha kubadili koo na kujijibu "tupo".

Siku ya tamasha, mwandaaji alikuwa ameweka viti sita nyuma ya jukwaa, na soda juu ya kila kiti.

"Wenzako wanaegesha pikipiki?" alimuuliza.

"Ni mimi tu, kaka."

"Usinitanie. Yule mchelewaji yuko wapi? Mke wangu kaja kwa ajili yake."

"Ni mimi pia."

Mwandaaji alicheka. "Haya bwana. Wakifika, waambie wapite huku nyuma."

Kijana alikwenda kwa fundi wa mitambo, akampa flashi.

"Niwekee biti tupu. Zile sauti za kuitikia usiziweke."

"Sasa nani atakuitikia, dogo?"

"Watu. Wimbo wanaujua."

"Wakikununia?"

"Akiitikia hata mmoja, nikishuka namtafuta. Sirekodi tena peke yangu."

Hicho ndicho alichokifuata pale. Soda hakugusa hata moja.

Biti ikaanza. Uwanja mzima ukachana naye mstari wa kwanza, neno kwa neno. Akauliza, "Nani yupo?" Akaelekeza maiki kwa watu.

Watu wakanyamaza. Wakageuza macho kwenye ngazi za jukwaa.

Mstari wa pili wakachana naye tena. Alipouliza, mama mmoja mwenye mtoto mgongoni alifungua mdomo, akatazama ngazi, akaufunga. Mara ya tatu kijana aliuliza polepole zaidi. Ilisikika jenereta. Akaweka maiki chini, akasema, "Asanteni," akashuka kwa ngazi zile zile ambazo watu walikuwa wanazitazama.

Fundi wa mitambo aliwauliza vijana waliosimama mbele, "Mbona mmemwacha mwenzenu? Si mnaujua?"

"Tunaujua wote," mmoja alijibu. "Ila pale pa kuitikia si petu. Pana wenyewe. Tulikuwa tunawasubiri."

Mmesikia? Hawakumchukia. Hawakuwa na kiburi. Neno lilikuwa mdomoni mwa kila mtu, na kila mtu alilitunza kwa ajili ya mwenyewe ambaye hakuwepo.

Na tusiwalaumu wale wa uwanjani peke yao. Kijana alikuwa na jirani wa ukuta mmoja, mama mtu mzima, mwimbaji wa kwaya, sauti ya pili. Nyumba ile haikuwa na dari, kwa hiyo alisikia kila kitu. Alipoulizwa baadaye alisema, "Yule alikuwa na watu kila siku. Mara moja nimepika ndizi, nikapakua sahani nimpelekee. Kufika mlangoni nasikia wamejaa ndani. Nikasema, sahani moja kwa watu wote hao nitajiaibisha. Nikarudi, nikala mwenyewe."

Mlango ulikuwa kati yao. Ndani mtu mmoja, nje mtu mmoja, na sahani inapoa.

Sasa sisi. Mjane wetu tunasema ana wanawe. Mgonjwa tunasema ana ndugu zake, mgeni ana watu wa kabila lake, yule anayecheka sana kwenye benchi la nyuma ana marafiki tele. Nani amepita mlangoni kuhakikisha? Mungu alipouliza "uko wapi" kule bustanini, alimuuliza mtu mmoja, na alitaka yeye mwenyewe ajibu. Sisi tunageuza macho kwenye ngazi. Tunawasubiri wenyewe. Ndugu zangu, wenyewe ni nani, kama si sisi tuliokwishajifunza wimbo?

Bisheni hodi. Sahani isipotosha, mtajua mkiwa ndani.

Mwezi wa Agosti ulitoka wimbo mwingine wa Wana wa Mashine, ukapita kwenye simu kama zile za nyuma. Maswali yamo. Baada ya kila swali biti inaendelea, na hakuna anayeitikia. Mwisho wa mwezi huo kijana alirudisha ufunguo kwa mwenye nyumba na kuhama, na hakusema anakwenda wapi. Jirani yake alipoingia kufagia chumba, alilikuta blanketi sakafuni, limekunjwa.