Shimo Lililomfuata Mwandida

Nyamazeni niwasimulie. Mwandida alikwenda porini kumchimbia mwanawe mzizi wa dawa ya tumbo. Kwao mchimbaji hubakiza kipande cha mzizi, akafukia shimo. Yeye aling'oa mzizi wote, akaondoka.

Njiani shimo likaita, "Mwandida, nifukie!" Akaharakisha.

Mtoni likaita, "Mwandida, nifukie!" Akakimbia.

Nyumbani shimo likajitandaza mlangoni, mtoto akilia ndani. "Mwandida, nifukie!"

Mama mkwe akauliza, "Nani huyo anakuita?"

"Simjui, mama."

"Ananijua," likasema shimo.

Mwandida akalifukia kwa udongo wa uani, likautema. Ikabidi arudi porini, abebe kwa kanga udongo uliotoka shimoni humo, kijiji kizima kikimtazama.

Mama mkwe hakumkaripia. Alitazama pembeni tu, na hapo ndipo Mwandida alipotamani shimo limmeze.