Makande ya Mheshimiwa Tembo

Hapo zamani za kale, kabla bibi yako hajaota jino la kwanza, Pimbi alimbwaga Tembo kwenye uchaguzi wa udiwani. Wewe unayecheka hapo nyuma, cheka umalize. Kubisha ruksa. Shule niliiacha darasa la tano, lakini hii naijua kuliko mwalimu wako. Mwenye ubavu abishe mpaka mwisho, tuone.

Kata yenyewe iliitwa Jabalini. Ilikuwa na bomba moja la maji na diwani mmoja, Mheshimiwa Tembo. Bomba lilitoa maji kwa kusuasua, to... to... to..., maana Mheshimiwa alikuwa amechomeka mpira wake wa maji kule juu kwenye chanzo, maji yote yakawa yanakwenda kujaza bwawa lake la kuogea. Asubuhi anaoga. Mchana anaoga. Jioni anaoga tena, ili asilale na uchovu wa kuoga.

Pimbi aliishi juu ya jabali na mkewe na watoto wao, midomo imewapauka kama wamekula chaki. Na kila uchaguzi Tembo alipita bila kupingwa. Safari hii Pimbi akashuka mpaka kwa mzee Kobe, msimamizi wa uchaguzi.

"Mzee, na mimi nagombea."

Kobe akamtazama weee. "Unagombea, au unagombana?"

"Nagombea. Udiwani."

"Haya," Kobe akasema. "Kugombana kungekuwa nafuu."

Tembo alipopata habari akaja, ndi! ndi! ndi!, mpaka mlangoni kwa Pimbi.

"Dogo, nasikia unakitaka kiti changu."

"Shikamoo, Mheshimiwa."

"Marahaba. Sasa wewe ukikaa kwenye kile kiti, nani atakuona?"

"Nitasimama, Mheshimiwa."

"Simama. Ila ukishindwa, kesho yake unafunga virago, wewe na mkeo na hivyo vitoto. Hili jabali nalitaka la kujikunia mgongo."

Akaondoka, ndi! ndi! ndi!, vyungu vikicheza rafuni.

Mkewe Pimbi, Mama Vijino, akashika kiuno. "Umetumaliza! Tutahamia wapi sisi? Una kura ngapi mpaka sasa?"

"Moja. Ya kwako."

"Nani kakwambia?"

Pimbi akaenda kukaa kwenye ukingo wa jabali, akalitazama bomba likidondosha, to... to..., akatazama na moshi wa jikoni kwa Tembo. Akakaa hivyo mpaka mkewe akaanza kufunga virago kweli.

Sasa sikilizeni. Siku hizo kura haikuwa ya karatasi. Mgombea anachagua mahali pake, anasimama, na anayemtaka anapanga mstari nyuma yake. Kobe anaondoka mezani kwake, anatembea mpaka ilipo mistari, akifika anapuliza filimbi. Filimbi ikilia hakuna kuhama. Mwenye mstari mrefu ndiye diwani.

Na desturi ya Tembo ilikuwa kulisha watu asubuhi ya kura. "Kula kwanza, kura baadaye!" Ndivyo alivyokuwa akipita akiimba mpambe wake, Fisi, ambaye pia ndiye aliyekuwa mpishi.

Asubuhi ya uchaguzi Fisi alikuwa anakoroga makande kwenye masufuria makubwa. Pimbi akapita mlangoni, kama ana safari zake.

"Hujambo, mjomba Fisi? Ooh, makande! Pole sana."

"Pole ya nini?"

"Aah, basi. Si vizuri kusema."

"Sema bwana!"

"Ni maneno ya watu tu, mjomba. Wanasema kwa Mheshimiwa chakula ni kingi, lakini hakina chumvi. Eti kama cha wagonjwa. Eti Mheshimiwa bahili."

Fisi akadondosha mwiko. "Bahili? Nani kasema?"

"Ngiri kasema. Nyumbu kasema. Swala kasema halafu akatema mate. Mimi nikawaambia jamani, tatizo si Mheshimiwa, tatizo ni mpishi."

"MIMI?"

Fisi akakamata gunia la chumvi kwa pembe mbili. Shwaaa! Akakamata la pili. Shwaaa!

"Sasa waseme!"

"Sasa," Pimbi akasema, "hawatasema kitu."

Wanyama wakala. Walaji wa bure hawasusi. Ngiri alikunja uso akaongeza sahani, Nyumbu akaomba ukoko.

Kobe akauliza wagombea wanataka kusimama wapi.

"Mimi pale kilimani," akasema Tembo, "ili nionekane."

"Na wewe, mwanangu?"

"Mimi pale bombani tu, mzee," akasema Pimbi.

Tembo alicheka mpaka masikio yakampiga mashavuni, pwa! pwa! "Mwacheni asimame bombani! Huenda matone yakamkuza!"

Mistari ikapangwa. Kata nzima ikajipanga kilimani nyuma ya Tembo, kasoro Mama Vijino, aliyekwenda bombani na watoto, wamebeba virago tayari. "Nimekuja kukuaga, wewe na siasa zako," akamwambia mumewe, lakini akasimama nyuma yake.

Kobe akanyanyuka mezani. Akatanguliza mguu mmoja. Akapumzika. Akatanguliza wa pili.

Jua likapanda. Makande yakaanza kazi.

Ngiri akalamba mdomo. "Jamani, nakwenda kunywa funda moja. Nishikieni nafasi."

"Na mimi," akasema Nyumbu, ulimi nje.

"Rudini nyie!" Fisi akafoka. "Kura!"

"Kura tumeisikia, shemeji. Koo halisikii!"

Wakateremka, puku, puku, puku. Pimbi hakuomba kura hata kwa nusu neno. Alisimama kando ya bomba mbele kabisa, anaelekeza kwa adabu.

"Karibu, shangazi Swala. Nyuma ya mwenzako. Usisukume, kaka Nyumbu, maji ni haya haya, to... to... Wa mwisho asogee nyuma ya Pundamilia. Ahsante."

Aliyekunywa tone alirudi mkiani kusubiri tone jingine. Kilimani wakabaki ukoo wa Tembo, tena ukoo mkubwa karibu nusu ya kata, ambao asubuhi walikunywa bwawani, na Fisi, ambaye koo lilikuwa limemkauka ila aliona aibu.

Mama Vijino akageuka nyuma. Akageuka tena. Akautua mzigo chini polepole. "Baba Vijino," akanong'ona, "hawa wote ni wa nani?"

"Shhh. Kobe huyo."

Kobe akafika. Akafuta filimbi kwa gamba. Piiiiiii!

"Hakuna kuhama!"

Akahesabu mstari wa kilimani. Akahesabu wa bombani. Akarudia, maana alikuwa mtu makini.

"Pimbi kashinda," akatangaza. "Kwa mnyama mmoja."

"Wizi!" Tembo akanguruma. "Hao wana kiu tu!"

"Mheshimiwa mstaafu," akasema Kobe, "sheria inahesabu mkia wa mstari. Kilichomleta mtu ni siri yake."

Siku ile ile Pimbi akapanda juu akauchomoa ule mpira. Bomba likakohoa, kho! kho!, kisha likamwaga, fyooo! Watoto wake wakaingia chini yake na nguo zao zote.

Funzo ni hili: anayekulisha siku ya kura, muulize kwanza maji utakunywa wapi.

Haya, wabishi mko wapi? Mbona kimya?

Basi, kuna kipande nilikiruka, nikisubiri kama mtaniuliza Tembo alikuwa wapi filimbi ilipolia. Hamkuuliza. Sahani za makande alikula nyingi kuliko kata nzima, na bwawa lake lilikuwa mbali. Yule mnyama mmoja aliyezidi, aliyesimama mwisho kabisa wa mstari wa Pimbi, alikuwa Tembo mwenyewe. Na alipopiga kelele za wizi, alikuwa ameshika ndoo.