Panya na Swali la Mawe Mawili

Paukwa!
— Pakawa!
Pakawa jabali.
— La nani?
La Mwalimu Fisi.
— Na sisi tukae wapi?
Kaeni mbali na meno yake, mnisikilize.

Basi hapo kale, Fisi alifungua shule chini ya jabali refu. Sheria yake ilikuwa moja tu: mwanafunzi akikosa swali, analiwa. Na swali lilikuwa lile lile kila siku.

"Jiwe zito na jiwe jepesi yakiangushwa pamoja kutoka juu, lipi linatangulia kufika chini?"

"Zito, Mwalimu!" wakaitikia wana wa Swala.

"Zito, Mwalimu!" wakaitikia wana wa Ngiri.

"Yanafika pamoja, Mwalimu," akasema Njugu, mwana wa kwanza wa Panya. "Nimejaribu nyumbani."

Fisi akamkodolea macho. Shuleni pale hakuna aliyewahi kujaribu kitu. Jibu lilitoka kinywani mwa mwalimu, likaingia masikioni, basi. Nyamu! Njugu akaliwa.

Panya alilia mpaka sauti ikamkauka. Majirani walikuja kumpa pole, na walipokuwa wakitoka wakanong'ona kwamba mtoto yule alizidi ujuaji. Panya aliwasikia, akazidi kulia. Kisha zamu ya kujibu ikamfikia Choroko, mdogo wake Njugu, mtoto pekee aliyebaki.

"Mwanangu, we sema zito," Panya akamsihi.

"Lakini mama, nilikuwepo kaka alipoyaangusha. Yalifika pamoja."

"Sema zito, urudi nyumbani."

"Siwezi, mama."

Panya akamfungia shimoni, akaenda shuleni mwenyewe.

"Shikamoo, Mwalimu. Nimekuja kujibu badala ya mwanangu. Jibu ni zito."

Fisi akanuna, maana tumbo lilikuwa linanguruma. Kurrr!

"Ila huko nje wanasema hata Mwalimu mwenyewe hajawahi kuona," Panya akaendelea. "Si tuwaonyeshe? Wewe uwe jiwe zito, mimi niwe jepesi. Turuke pamoja. Ukitangulia chini, unajua la kufanya."

"Hii-hii-hii! Nitakungoja mdomo wazi!" Fisi akacheka, kisha akalitazama jabali. "Na kuumia je?"

Panya akapanda juu, akaruka. Tup! Akajikung'uta vumbi. "Mimi kidudu hiki nimesalimika. Sembuse wewe mwenye mifupa minene hivyo?"

Fisi akapiga hesabu yake: mdogo hakuumia, mkubwa ataumiaje? Akapanda mbio, mate yakimdondoka.

Wanyama wakakusanyika. Kobe akaambiwa aweke kidevu ardhini, aangalie nani anagusa kwanza.

"Haya!"

Vuuuuu! Wakashuka bega kwa bega. Fisi alitanua mdomo, akatazama juu: Panya hayupo. Akatazama kando: Panya yupo ubavuni, anashuka naye. Ndipo hofu ilipomwingia, lakini hewani hakuna pa kushika.

PUU!

Vumbi likatulia. Panya akainuka akichechemea. Fisi hakuinuka. Uzito aliojivunia ndio uliomvunja.

"Kobe, nani ametangulia?"

"Hakuna, Bi Panya. Mmefika pamoja."

Wanyama wakashangilia, hoi hoi! Panya hakushangilia. Alikaa kitako karibu na tumbo la Fisi, akaliegemea, akasema polepole, "Umepata, Njugu. Umepata, mwanangu."

Akatega sikio kwenye tumbo lile, kama anayengoja kuitikiwa. Kisha akaenda kumfungulia Choroko.

Hadithi yangu imeangukia hapo, anayeitaka na aiokote.

Na funzo lake, watoto wangu, ni hili: msijaribu vitu nyumbani. Mwalimu akiuliza, semeni "zito", mkale, mkalale. Njugu alisema kweli, na kitanda chake mpaka leo kimetandikwa, hakuna anayekilalia.