Dola ya Kilo ya Sukari

Pangani nzima iliyajua macho ya Bwana Badawi, tajiri wa kukusanya sarafu za kale. Sarafu akiiuza, inang'aa, akiinunua, imekufa. Aliposikia Bi Mafunda amerithi dola ya fedha ya Marekani, akamwita barazani.

Bi Mafunda akaja na kikapu akitokea dukani, akafungua fundo la kanga, akampa dola. Badawi hata hakuitazama sawasawa, akaanza kusikitika.

"Tai huyu aliyechorwa nyuma hana manyoya, Bi Mafunda. Uso nao umesagika. Hii thamani yake kilo ya sukari."

"Ingekuwa yako, ungeiuza kwa bei hiyo?"

"Hata sasa hivi. Na hawa wanywa kahawa ni mashahidi wangu."

Bi Mafunda akatoa kilo ya sukari kikapuni, akaiweka mbele yake, kisha akaichukua dola na kuifunga tena kwenye kanga.

"Mbona sukari unanipa mimi?"

"Si nimenunua, bwana? Hii ni ile dola yako ya kabatini. Mkeo aliniazima juzi, bibi harusi wetu apambwe nayo. Yangu nimeiacha nyumbani, na ile haiuzwi kwa sukari."