Cherehani ya Tausi na Kompyuta Iliyokataa Kumtoa

Sogeeni, na mwenye la kusema alishike kwanza mpaka nimalize. Kisa hiki kimeshagombanisha nyumba nzima huko Tabora, na mpaka leo hakijapata hakimu.

Palikuwa na watu watatu, kila mmoja na kipaji chake. Sikudhani alijaliwa kumbukumbu: neno likishaingia sikioni mwake halitoki tena. Kashindye alijaliwa mikono: kitu kikifa, yeye akikishika kinafufuka. Mwanne alijaliwa utulivu: hata nyumba ikiwaka moto, angeuliza kwanza ndoo iko wapi.

Sikudhani alikuwa jirani na shoga wa Tausi, mdarizi wa mtaa. Kashindye na Mwanne walikuwa ndugu wa mume wa Tausi. Tausi mwenyewe alikuwa hodari wa kazi, lakini subira hakugawiwa hata kijiko.

Mashine yake ya kudarizi ilipokea maua kutoka kwenye kompyuta. Sasa, programu ya kuchorea maua hayo ilikuwa ya zamani, na kompyuta mpya haikuitaka kabisa. Fundi mmoja akamtengenezea kompyuta ya zamani ndani ya ile mpya, kama chumba ndani ya chumba. Ukiifungua, inakuja skrini ya zamani na vitu vyake vyote, unafanya kazi humo. Ukimaliza, unatoka humo kwa utaratibu: unabonyeza kitufe cha kutoka, programu inakuuliza kama unataka kuhifadhi, unakubali, ua linakwenda kwenye mashine. Ukizima ghafla, ua limepotea.

Siku moja Tausi alikuwa na shela la Nyamizi, bibi harusi aliyetakiwa kutoka alasiri ile ile. Ua lake alilichora kwa siku kadhaa, akalimaliza asubuhi hiyo. Akashusha pumzi, akataka kutoka. Bila kujua kidole chake kiligusa nini, ile kompyuta ya ndani ikatanuka, ikajaza skrini yote, ukingo wa chini ukamezwa. Na kitufe cha kutoka kilikuwa huko huko chini.

Akasukuma kipanya chini, kishale kikagota. Akakisukuma pembeni, kikagota. Akabonyeza vitufe ovyo, herufi zikajiandika juu ya ua. Akazifuta, akabonyeza tena, zikajiandika tena.

"Nitoe! Nimekwambia nitoe!" Tausi aliifokea skrini, na skrini ikatulia tuli kama haijasikia.

Mchana ukaingia. Nyamizi akaja mwenyewe, hina haijamkauka vizuri mikononi. "Dada Tausi, shela langu liko wapi?"

"Limo humu!"

"Humu wapi?"

"Humu ndani ya humu! Usiniulize tena!"

Nyamizi akakaa kizingitini, akaanza kulia. Ndipo Tausi aliposhika kichwa, akapiga kelele mtaa ukasikia: "Wallahi, atakayenitoa humu, ile cherehani yangu ya pili, iliyoko ukumbini, ni yake!"

Wa kwanza kufika alikuwa Sikudhani. "Shoga, siku ile fundi anakuwekea mambo haya mimi nilikuwa hapa naonja pilau yako. Alisema ukikwama, shika Kontroo ya kulia, ubonyeze na F. Ya kulia, shoga, si ya kushoto."

Tausi akabonyeza. Kimya. Akabonyeza kwa ngumi. Kimya.

"Umesikia vibaya!"

"Sijasikia vibaya. Kitufe chako ndicho kimekufa."

Kashindye aliyeingia nyuma yake akaivuta kibodi. "Shemeji, hiki kitufe kimegandana na sukari. Unakunywa chai juu ya kibodi?"

"Kashindye, si wakati wake!"

Akakibandua kitufe kwa ncha ya kisu, akakwangua, akapangusa, akakirudisha. Wakabonyeza Kontroo ya kulia na F. Skrini ikanywea! Ile kompyuta ya ndani ikawa dirisha dogo, na ya nje ikaonekana pembezoni. Watu wakapiga vigelegele.

Tausi, kwa hasira zake, akakimbilia kulifunga dirisha. Pakatokea swali lenye machaguo matatu. Akaelekeza kishale kwenye moja bila kusoma.

"Wifi, toa mkono," akasema Mwanne, aliyeingia wakati wa vigelegele.

"Mwanne, harusi inanisubiri!"

"Na mimi nasema toa mkono. Hiyo unayotaka kubonyeza ni kuikatia umeme. Ua litabaki wapi?"

Akamshika kiganja, akalifuta lile swali. Akavuta dirisha taratibu mpaka ukingo wa chini ukajitokeza, na kitufe cha kutoka kikaonekana. Akakibonyeza. Programu ikauliza: unataka kuhifadhi? Akakubali. Skrini ya zamani ikajifunga yenyewe, kwa adabu, kana kwamba haikumtesa mtu.

Mashine ikaanza kunguruma. Nyamizi alitoka alasiri na shela lake, na waliomwona wanasema ua lile lilikuwa kama limechumwa sasa hivi.

Jioni wakakutana wote watatu mbele ya cherehani.

"Bila neno langu," alisema Sikudhani, "mngekuwa mnabonyeza ya kushoto mpaka kesho."

"Neno lako lilijaribiwa likashindwa," alisema Kashindye. "Dirisha lilinywea kwa mikono yangu."

"Likanywea, halafu wifi akataka kuliua ua," alisema Mwanne. "Kiapo kilikuwa kumtoa. Nani aliyebonyeza kitufe cha kutoka?"

Tausi akawatazama mmoja mmoja.

"Ningejua," akasema, "ningebaki humo humo ndani!"

Akaingia chumbani, akajifungia mlango. Cherehani ipo pale ukumbini, haijachukuliwa, na wale watatu kila mmoja anaipangusa vumbi kana kwamba ni yake.

Haya, zamu yenu. Aliyekumbuka, aliyefufua kitufe, na aliyezuia mkono: mngekuwa nyinyi Tausi na kiapo kiko shingoni mwenu, cherehani mngempa nani?