Beji za Katibu Fisi

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na kumbi za mikutano na chai ya saa nne, Digidigi alisimama ukumbini akauliza: "Katibu, beji hii ikishajua niliko, inamwambia nani?"

Mmoja akakohoa.

"Hi-hi-hii!" Katibu Fisi akacheka. "Dada Digidigi, karibu chai."

Mkutano ulikuwa wa kisima. Mwenyekiti, Mzee Ndovu, alitaka kukizungushia ua, wanyama wadogo wanywe kwa kibali chake. Kura ingepigwa baada ya chakula. Kila mjumbe alikuwa amevishwa shingoni beji yenye chipu. Asiye na beji, hapewi chakula. Fisi alikuwa amefunga vinasa vya kusoma beji kila mlango, hata mlango wa nyumba yake pale nyuma ya ukumbi, kwa hofu ya kuibiwa mifupa. Ukipita tu, ti! Kitone chekundu kinawaka kwenye kioo cha mashine ya Ndovu, kikionyesha nani yuko wapi.

Chai haijapoa, Fisi akamwinamia Kanga. "Mama Kanga, wewe na Sungura mlikuwa mnapanga nini kule stoo? Na chooni ulivyokawia, tumbo?"

Kanga akatamani ardhi immeze. Alipoomba kusema juu ya kisima, akaambiwa muda umekwisha.

"Nani alituuliza kama tunataka kufuatwa?" Digidigi akafoka.

"Ni kwa usalama wenu," akasema Ndovu. "Mwenye moyo safi anaficha nini?"

"Basi, mzee, tuonyeshe beji yako."

"Mimi? Mimi ni mwenyekiti!"

Lo! Digidigi akaanza kupita meza kwa meza akinong'ona.

Chakula kilipokwisha, Fisi akapita na ndoo, kama ilivyo desturi yake kila mkutano, akikusanya mifupa ya kupeleka nyumbani. Leo wadogo walikuwa na adabu ya ajabu.

"Huu hapa, Katibu! Na huu una uboho!"

Chini ya kila mfupa, beji. Fisi mate yanamdondoka, hatazami. Akaingia kwake. Ti! Ti! Ti-ti-ti-ti!

Ndovu akakitolea kioo macho. "Wapinzani wote wako kwa Fisi! Kumbe ndiye anayewapanga!" Akatoka mbio. Puu! Mlango chini. Puu! Paa chini.

"Mzee, niko peke yangu!" Fisi akalia ndani ya vumbi.

"Mwongo! Mashine haidanganyi! Watoe!"

Huku ukumbini kengele ya kura ikalia.

"Jamani, wanaoukataa ua?" akauliza Digidigi.

Kwato, mabawa, mikia, vyote juu!

Ndovu aliporudi na vumbi masikioni, ua ulikuwa umekwisha kukataliwa, na wajumbe walikuwa kisimani, shingo tupu, wanakunywa.

Fundisho ni hili: anayewafuatilia watu bila ridhaa yao huishia kuona vitone, asiwaone watu.

Nanyi mnaonisikiliza, siku mkiandaa mkutano wenu, nawaomba: waombeni watu ruhusa kwanza, na atakayekataa, mwacheni aingie.